Siku Nane za Pentium: IBM Iliposimamisha Kompyuta Zake, Desemba 1994

Jumatatu, tarehe 12 Desemba 1994, siku 13 kabla ya Krismasi, IBM ilitangaza kwamba inaacha kusafirisha kompyuta zake zote zenye prosesa ya Pentium, yaani chipu inayoifanyia kompyuta hesabu zake. Kwa wauza kompyuta wa Marekani huo ulikuwa msimu wa mavuno. Wazazi walikuwa wamejaa madukani, na kampuni zilikuwa zinamalizia bajeti ya mwaka. Mtu hafungi ghala siku kama hizo bila sababu nzito, na sababu waliyoitoa IBM ingeeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: chipu hiyo wakati mwingine inakosea kugawanya.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha Intel, watengenezaji wa chipu. Mimi nakitazama kutoka kwa yule aliye katikati: kampuni iliyonunua chipu kwa mwingine, ikaiweka ndani ya sanduku lenye jina lake, kisha ikamuuzia mtu. Kosa si lake, lakini mteja anamjua yeye. Afanye nini siku anapogundua kwamba alichokiuza kina dosari ambayo hakuitia yeye?

Kosa lenyewe

Chukua 4,195,835, ugawanye kwa 3,145,727. Jibu sahihi ni 1.333820449. Pentium yenye hitilafu ilitoa 1.333739069. Tofauti inaanzia desimali ya nne, na inaonekana ndogo mpaka urudishe hesabu: zidisha jibu hilo kwa 3,145,727, na badala ya kurudi pale ulipoanzia unakuta upungufu wa 256. Kama zingekuwa shilingi, ni shilingi 256 zimetoweka katika milioni nne na ushee, na hakuna aliyezigusa.

Kilichotokea ndani ya chipu kinaeleweka na yeyote anayekumbuka kugawanya kwa njia ndefu. Tulifundishwa kujiuliza "inaingia mara ngapi?", kukisia tarakimu, kuzidisha, kutoa, kushusha, kisha kurudia. Pentium ilifanya hivyohivyo kwa namba za 0 na 1, ila haikukisia kwa akili. Ilisoma kisio kutoka kwenye jedwali lililochongwa ndani yake, lenye nafasi 1,066 za kujazwa. Kwa maelezo ya Intel, wakati wa kuhamisha jedwali hilo kutoka kwenye kompyuta ya wasanifu kwenda kwenye muundo wa chipu, programu ndogo iliyofanya kazi hiyo iliruka nafasi tano. Palipotakiwa kuwa na 2 pakabaki 0. Mbinu yenyewe ina uwezo wa kujirekebisha endapo kisio kimepishana kidogo, lakini 0 mahali pa 2 ni pengo lisilozibika, na kosa linabaki ndani ya jibu.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani linastahili kutazamwa kwa makini, maana ubishi wote uliofuata unalizunguka. Nafasi hizo tano hazifikiwi ovyo. Hatari inakuja pale namba inayogawanya inapokuwa chini kidogo tu ya 3, 9, 15, 21 au 27, au chini kidogo ya mojawapo ya hizo ikiwa imezidishwa kwa 2 mara kadhaa. Itazame ile 3,145,727. Chukua 3, izidishe kwa 2 mara 20, unapata 3,145,728. Imepungua moja tu. Kwa hiyo kosa lilikuwa na makazi yake. Halikutapakaa sawasawa kama mvua juu ya shamba, lilijikusanya katika sehemu chache zinazojulikana.

Profesa aliyejishuku kwanza

Aliyelileta jambo hili hadharani ni Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika Lynchburg College, jimbo la Virginia. Kazi yake ilikuwa ya subira: kutafuta namba tasa pacha, yaani jozi zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13, kugawanya 1 kwa kila mojawapo na kujumlisha majibu, akisonga mbele hadi namba zenye tarakimu nyingi. Mwaka 1994 aliongeza kompyuta ya Pentium kwenye kundi la mashine zilizokuwa zikifanya kazi hiyo. Mwezi Juni majibu yakaanza kutopatana.

Alianza kwa kujishuku mwenyewe. Alipekua programu yake, akapekua sehemu nyingine za mashine, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, na ni Oktoba 19 ndipo aliporidhika kwamba kosa limo ndani ya prosesa. Miezi minne nzima. Tarehe 24 akawaarifu Intel, na tarehe 30 akawaandikia watu anaofahamiana nao kueleza alichokikuta. Jozi iliyomfichulia siri ilikuwa 824,633,702,441 na 824,633,702,443. Chukua tena 3, uizidishe kwa 2 mara 38, kisha uilinganishe na ile ya kwanza: imepungua 18,391, na hiyo ni chembe kwa namba ya ukubwa huo. Profesa alikuwa ameingia kwenye makazi ya kosa bila kujua.

Habari ilisambaa haraka. Tim Coe, mhandisi wa kampuni ya Vitesse, alichunguza mifano michache ya majibu mabovu na kutoka hapo akakisia jinsi chipu inavyogawanya ndani yake. Yeye ndiye aliyetoa ule mfano wa 4,195,835, ambao mtu yeyote angeweza kuujaribu kwenye kikokotoo cha kompyuta yake. Cleve Moler wa MathWorks, kampuni ya programu za hisabati, alishiriki kuandaa dawa ya kiprogramu: kila namba inayogawanya ikaguliwe kwanza, na ikiwa katika eneo la hatari, namba zote mbili zizidishwe kwa 15/16 ili zihame kutoka hapo, kisha ndipo mgawanyo ufanyike. Jibu halibadiliki, ila mlango ule mbovu haupitiwi. Kufikia mwisho wa Novemba CNN na magazeti makubwa yalikuwa yameshaichukua habari.

Lililowaudhi watu zaidi ni kwamba Intel walikuwa wanajua. Wahandisi wao wenyewe waliigundua hitilafu katikati ya mwaka huohuo, wakarekebisha muundo kwa ajili ya chipu zitakazofuata, na wakaendelea kuuza zile zilizokuwepo bila kumwambia mnunuzi.

Miaka 27,000 au siku 24

Msimamo wa Intel mwezi Novemba ulikuwa hivi: kosa hutokea mara moja katika migawanyo bilioni 9, na mtu wa kawaida anayetumia lahajedwali, yaani programu ya kupangia hesabu katika majedwali, atakutana nalo mara moja katika miaka 27,000. Kwa hiyo hakuna haja ya kubadilisha chipu kwa kila mtu. Anayedhani anahitaji mpya apige simu, aeleze kazi anayoifanya, na Intel wakiona hesabu zake ni nzito kiasi cha kuathirika, watambadilishia.

IBM walikaa na watafiti wao wakaja na jibu lao: siku 24. Kampuni yenye kompyuta 500 za Pentium, walisema, inaweza kupata makosa 20 kwa siku.

Miaka 27,000 na siku 24 kwa chipu ileile. Msomaji ana haki ya kudhani mmoja wao anadanganya, lakini ukizifumua hesabu unaona kwamba hakuna aliyehitaji kudanganya. Walitofautiana katika mambo mawili. La kwanza ni wingi wa kazi. Intel walimchukulia mtumiaji anayegawanya takriban mara 1,000 kwa siku, IBM wakamchukulia anayegawanya mara milioni 4.2, kwa dai kwamba lahajedwali inaweza kufanya migawanyo 5,000 kwa sekunde na mtu anaifanyisha hesabu kama dakika 15 kwa siku. Hapo pekee pana tofauti ya mara 4,200. La pili ni uwezekano wenyewe. Intel walisema 1 katika bilioni 9, IBM wakasema 1 katika milioni 100. Hiyo ni mara 90.

Kwenye jambo la kwanza nawaona IBM wametia chumvi. Mhasibu anaandika, anafuta, anasoma na kunywa chai, na lahajedwali yake haipigi hesabu mfululizo robo saa nzima. Wapo waliofanya kazi nzito kiasi hicho katika benki na maabara, lakini kumfanya mtu huyo ndiye mtumiaji wa kawaida ni kuvuta kamba upande wako.

Kwenye jambo la pili ni Intel waliokosea, na kosa lao ni la msingi zaidi. Bilioni 9 ilipatikana kwa kudhani kwamba namba zote zina nafasi sawa ya kujitokeza. Namba za watu hazijitokezi hivyo. Watu hufanya hesabu na 3, na 9, na 15, hufanya hesabu za bei zenye senti mbili, hutoa punguzo, hugawa kwa miezi. Na kompyuta, kwa sababu haiwezi kuandika desimali nyingi kwa ukamilifu, hubakiza vipande. Mwambie itoe 1.1 kwenye 4.1, na ndani yake haipati 3 kamili, inapata 2.9999999999999996. Kwenye skrini unaona 3. Ndani kuna namba iliyo chini kidogo tu ya 3, na tumeshaona kosa lilikoweka makazi. IBM waliliona hili na wakalisema: namba za maisha ya kawaida zina mwelekeo wa kurundikana palepale penye hatari. Hata ukiwanyang'anya ile milioni 4.2, hoja hii inasimama.

Kuna swali moja ambalo Intel wangeweza kuliuliza kwa haki. Kama kosa hutokea kila baada ya siku 24, mbona Pentium ilikuwa sokoni tangu Machi 1993 na malalamiko hayakuja? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Kosa hili halikuzima mashine, halikutoa mlio wala onyo. Lilitoa jibu lililofanana na jibu. Nicely aliliona kwa sababu alikuwa na mashine nyingine za kulinganishia na kwa sababu alihitaji tarakimu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mtaani kwake. Mhasibu mwenye kompyuta moja angelinganisha na nini? Mizani ya muuza nyama ikiiba gramu kumi kila mara ishirini, mteja hawezi kulalamika, kwa kuwa hana mizani ya pili mfukoni.

Mikono ya IBM haikuwa mitupu

Lazima liwekwe mezani na hili. Ni IBM hao hao waliomfanya Intel kuwa Intel, walipochagua chipu yake kwa kompyuta yao binafsi ya kwanza mwezi Agosti 1981. Lakini tangu mwaka 1991 walikuwa wamejiunga na Apple na Motorola kutengeneza PowerPC, prosesa ya kushindana na Intel uso kwa uso. Pia mwaka 1994 sehemu kubwa ya kompyuta walizouza bado ilitumia chipu za 486, kizazi kilichotangulia Pentium, na wao wenyewe walikuwa na kiwanda cha chipu za aina hiyo. Kusimamisha Pentium kuliwagharimu kidogo kuliko ambavyo kungewagharimu washindani wao, na kulimuumiza mpinzani wao. Wengi walisema hivyo siku ileile, na bei ya hisa za Intel ilishuka. Intel wenyewe walijibu kwamba hatua ya IBM haikuwa na msingi.

Sioni sababu ya kulificha hilo wala ya kulifanya ndilo jibu la kisa kizima. Nia ya IBM siwezi kuipima, kitendo chao naweza. Na njia ninayoiona ya haki ni kujiuliza: kama kampuni isiyo na PowerPC, isiyo na ugomvi wowote na Intel, ingefanya jambo lilelile Jumatatu ile, tungeiona imekosea? Mimi nasema hapana.

Compaq, Dell na Gateway, wauza kompyuta wengine wakubwa, hawakuwa na PowerPC. Waliendelea kuuza. Hawakuwa watu wabaya. Biashara yao iliegemea Pentium kuliko ya IBM, na kuacha kuuza wiki mbili kabla ya Krismasi kungeweza kuwavunja mgongo. Walitegemea ahadi ya Intel ya kubadilisha chipu kwa atakayehitaji. Lakini maana yake ni kwamba mnunuzi wa Desemba alilipia bei kamili kwa kitu ambacho muuzaji alishajua kina dosari, na kazi ya kudai haki yake ikabaki juu yake.

Kulikuwa na njia za katikati? Moja ilikuwa dawa ya kiprogramu, ile ya 15/16. Ilifaa sana kwa programu za kisayansi kama za MathWorks, ambao waliitumia mara moja. Kwa mtu wa nyumbani haikusaidia kitu, kwa kuwa kila programu yake ilitakiwa itengenezwe upya na kampuni iliyoiandika, na nyingine alikuwa amezinunua miaka mitatu nyuma. Njia nyingine ilikuwa kuweka alama. Na hili Intel walishawahi kulifanya: mwaka 1987, chipu za 386, zilizotangulia 486, zilipokutwa na hitilafu ya kuzidisha, zile zilizopimwa zikaonekana nzima zilipigwa mhuri wa alama mbili za sigma (herufi ya Kigiriki Σ), na zenye shaka zikaandikwa kwamba ni kwa programu za biti 16 tu, yaani zile za aina ya zamani. Mnunuzi aliona kwa macho yake anachonunua. Kwa nini mwaka 1994 haikufanyika hivyo sielewi, isipokuwa kwa jambo moja.

Jambo hilo ni jina. Mwaka 1987 chipu ilinunuliwa na mafundi. Tangu 1991 Intel walikuwa wakitangaza moja kwa moja kwa wananchi, wakibandika nembo yao mbele ya kompyuta za kampuni nyingine, na chipu iliyofuata 486 wakaacha kuipa namba wakaiita Pentium ili jina liwe mali yao. Walitaka mama wa nyumbani Ohio aingie dukani akiulizia kilichomo ndani ya sanduku. Walifanikiwa. Kisha mama huyohuyo aliposikia kwenye televisheni kwamba kilichomo ndani kinakosea hesabu, akapiga simu, akaulizwa athibitishe kwamba hesabu zake zina uzito wa kutosha.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya hatua ya IBM, mbali kabisa na siku zao 24. G. Richard Thoman, mmoja wa wakuu wa IBM, alieleza siku ile kwamba mtu hapaswi kukaa akijiuliza kama hesabu zilizofanywa na kompyuta ya IBM ni sahihi. IBM wakasema watambadilishia chipu mteja wao atakayeomba. Mteja hakutakiwa kueleza yeye ni nani, anagawanya nini, au mara ngapi kwa siku. Mzigo wa kuthibitisha ulitoka begani mwa mnunuzi ukarudi kwa muuzaji, ambaye ndiye mwenye maabara, mwenye michoro ya chipu, na mwenye faida.

Siku nane

Intel walishikilia msimamo wao kwa wiki moja zaidi. Andrew Grove, mkuu wao, alikuwa mhandisi kwa mafunzo na kwa tabia, na nadhani aliamini kwa dhati kwamba tatizo la kihandisi linajibiwa kwa takwimu za kihandisi. Tarehe 20 Desemba walikubali. Waliomba radhi, wakatangaza kwamba yeyote mwenye Pentium yenye hitilafu atabadilishiwa bure, bila maswali. Tarehe 17 Januari 1995 walitangaza kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya zoezi hilo.

IBM peke yao hawakuleta matokeo hayo. Magazeti yalikuwa yameshawaka, wanahisabati walikuwa wameshaonyesha mifano isiyobishika, na wateja wakubwa walikuwa na hasira. Lakini kabla ya Desemba 12 Intel waliweza kusema kwamba kelele ni za maprofesa na waandishi wa habari. Baada ya mteja wao maarufu kuliko wote kusimamisha mashine zake, kauli hiyo haikuweza kusemwa tena.

Tangu hapo Intel walianza kuchapisha wazi orodha za hitilafu zinazojulikana za prosesa zao, na uthibitishaji wa hesabu za chipu kwa njia za kihisabati, kabla hazijachongwa, ukapewa uzito ambao haukuwa nao.

Na zile dola milioni 475 zilipokuwa zimeshatengwa, likaonekana jambo ambalo hakuna fomula ya bilioni 9 wala ya milioni 100 iliyolitabiri. Watu walikuwa wamepewa haki ya kubadilishiwa bila kuulizwa chochote, simu zipo, chipu mpya zipo, gharama ni ya Intel. Wengi wa watumiaji wa nyumbani hawakupiga simu.